Kunakili mabingwa katika mwandiko wa Kichina: kunajenga mkono au kunaua ubunifu?

Mkazi wa Kamalondo (Lubumbashi):
Ndugu zangu, ninajifunza mwandiko wa brashi kwa mwalimu Mchina anayeishi hapa mjini, na hadi leo hajaniruhusu kuandika hata herufi moja kwa namna yangu. Kazi ni kunakili tu maandishi ya Yan Zhenqing, bingwa wa mwandiko wa enzi ya Tang (618–907), yaliyochongwa kwenye jiwe la mnara wa Duobao mwaka 752. Jambo hili linanitatiza, kwa kuwa sisi wa Lubumbashi tunajivunia karakana ya uchoraji ya Hangar ya Pierre Romain-Desfossés, aliyeianzisha mwaka 1946 na ambaye hakutaka wanafunzi wake waige wachoraji wa Ulaya. Humo wametoka wachoraji Pilipili, Bela na Mwenze, kila mmoja na mkono wake. Je, kunakili namna hii hakutanifanya kivuli cha mtu mwingine?

Fundi wa Katuba:
Ndugu, swali lako ni la haki, lakini kuna tofauti moja kubwa: mchoraji anaweza kurudia rangi juu ya rangi, ilhali mwandishi wa brashi hana ruhusa ya kurudia mstari uliokwisha kupita. Tazama mstari mmoja wa mlalo wa Yan. Ncha ya brashi inaanza kwa kurudi nyuma kidogo ili ijifiche, inakandamizwa, inainuliwa katikati mpaka mstari unakuwa mwembamba, kisha inakandamizwa tena mwishoni na kurudishwa ndani. Karatasi ya Xuan, ile ya Kichina ya mwandiko, inanyonya wino mara moja, kwa hiyo ukisita kidogo tu doa linatanda, na ukikimbia mstari unakauka. Jicho linaona umbo peke yake. Mwendo, uzito na mahali pa kupumua vinajulikana mkono unapojaribu kulifikia umbo hilo, ukashindwa, ukarudia.

Wachina wenyewe wanatenganisha kufuatisha kwa karatasi nyepesi iliyowekwa juu ya kielelezo, na kunakili kwa kutazama kielelezo kilichowekwa kando. Njia ya kwanza hushika vizuri mpangilio wa herufi, ya pili hushika nguvu ya mstari. Muulize mwalimu wako uko katika ipi.

Msomaji wa Bukavu:
Niongeze historia kidogo. Dibaji ya Banda la Okidi iitwayo Lanting, aliyoiandika Wang Xizhi mwaka 353, ndiyo inayosifiwa kuliko maandishi yote ya brashi, na nakala yake ya asili haipo tena. Tunachokiona leo ni kazi ya wanakili wa enzi ya Tang, na ile inayohesabiwa kuwa ya Feng Chengsu imehifadhiwa Beijing. Bila wanakili hao tusingekuwa na Wang Xizhi wa kumjadili. Naye Mi Fu (1051–1107), mwandishi wa brashi wa enzi ya Song, aliiga wazee kwa ustadi hata watu wakasema anakusanya tu herufi za wengine, lakini leo anayejua mwandiko humtambua kwa mistari michache.

Fundi wa Katuba:
Asante, ndugu wa Bukavu. Hata hivyo sikubali kwamba kila kunakili kunafaa. Anayejaza kurasa huku mawazo yake yako kwingine anazoesha makosa yake. Tena, jiwe lina kasoro yake: patasi ya mchongaji imenyoosha kingo za mistari, na mwanafunzi anaweza kuiga patasi akidhani ni brashi. Ndiyo maana ninakushauri utafute picha ya rasimu ambayo Yan aliiandika mwaka 758 akimlilia mpwa wake aliyeuawa katika uasi wa An Lushan, iliyoko Taipei. Hiyo ni wino mtupu, yenye maneno yaliyofutwa na mistari iliyokauka. Ukiiweka kando ya jiwe la Duobao utamwona mtu yuleyule akiandika kwa utulivu na akiandika kwa uchungu.

Mkazi wa Kamalondo:
Nimeelewa, mzee. Nitamwomba mwalimu tufunike kielelezo baada ya kukisoma vizuri, niandike kwa kukumbuka, kisha tukilinganishe mstari kwa mstari. Hapo nadhani tutaona kilichoingia mkononi na kile nilichokuwa ninakiazima tu.