Tupeane uzoefu: mlioko Marekani, imani yenu imewahi kugongana na kazi, shule au mtaa?

Habari za kwenu, ndugu zangu wa dini zote. Naanza na langu. Mimi ni Msabato wa Musoma, natunza wazee kwenye kituo kimoja huku Texas. Siku moja naangalia ratiba ya zamu ukutani, nakuta nimepangwa Jumamosi nne mfululizo. Msimamizi wangu ni mlokole hasa, hutuombea kabla ya kuanza kazi, lakini kwake siku ya Bwana ni Jumapili, basi akaona natafuta kisingizio. Nilikaa garini nikalia.

Aliyeniokoa simjui hata sura: Gerald Groff, mpeleka barua wa Pennsylvania aliyekataa kusambaza vifurushi Jumapili. Mwaka 2023 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikubaliana kuwa mwajiri asimkatalie mfanyakazi siku yake ya ibada, isipokuwa aonyeshe kwamba itamtia gharama kubwa kweli katika biashara yake. Mtunza Jumapili kamfungulia mlango mtunza Sabato! Sasa nashika zamu za Jumapili, na wenzangu wanafurahi maana wanaenda kanisani. Haya, leteni yenu.

Mdau wa Minneapolis: Asalaam aleikum. Mimi wa Mombasa. Hapa adhana ya alfajiri tulikuwa tukiisikia kwenye simu tu, kwani vipaza sauti viliruhusiwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Aprili 2023, tukiwa ndani ya Ramadhani, baraza la jiji likaruhusu nyakati zote tano. Viongozi wa Kikristo na wa Kiyahudi walituunga mkono, na hilo sitalisahau.

Mama wa Kentucky: Miye natoka Bukavu, sisi ni Mashahidi wa Yehova. Kila asubuhi darasani wanasimama, mkono kifuani, wanaapa kwa bendera. Mwanangu alibaki ameketi kimya, mwalimu akamtoa nje. Kufika nyumbani ananiuliza, "Mama, nimekosa nini?" Ndugu mmoja mzee akatueleza kwamba tangu 1943 mtoto halazimishwi, na waliokwenda mahakamani walikuwa familia za Mashahidi wa West Virginia, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Maneno "chini ya Mungu" yenyewe yaliingizwa kwenye kiapo hicho 1954. Tulikwenda naye shuleni, mwalimu mkuu akaomba radhi.

Baba wa Houston: Mimi Mkatoliki wa Moshi. Sheria ya Texas ya 2025 ya kubandika Amri Kumi madarasani niliishangilia, hadi binti yangu aliponiuliza, "Baba, hii ya sanamu mbona katekista hakutufundisha?" Maandishi yaliyochaguliwa yanafuata toleo la Waprotestanti, linalotaja sanamu waziwazi, tofauti na orodha ya katekisimu yetu! Kumbe serikali ikishika Biblia, lazima ichague ya nani. Sasa naona bora hayo tuachiwe wazazi na kanisa.

Mdau wa Ohio: Dada wa Texas, uliongea na msimamizi kwa mdomo au uliandika?

Mwanzisha mada: Niliandika, mpendwa. Mistari mitatu: imani yangu, siku ninayoomba, na zamu ninazoweza kushika badala yake. Nakala nikabaki nayo. Jibu lilikuja Alhamisi, na Jumamosi hiyo nilikuwa kanisani nimeketi na wanangu.