Kijana wa kupiga dawa shambani: glovu na ovaroli anunue nani? Tujadili wana Nyanda za Juu Kusini

Kamwene ndugu zangu wa Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na wote mnaolima. Naleta hili hapa maana wiki iliyopita kwenye kikao chetu cha wakulima wa nyanya huku Ilula tulibishana mpaka tukaachana vibaya, na mimi nilikuwa upande wa wachache. Hoja ilikuwa hivi, kijana anayekuja kukupigia dawa, vifaa vyake vya kinga yaani gambuti, glovu, ovaroli, miwani na maski, anunue nani? Wengi walisema anunue mwenyewe kwa sababu ndiyo kazi yake, kama seremala anavyokuja na randa yake. Mimi nikasema hapana, anunue mwenye shamba, na nikaongeza jambo la pili ambalo ndilo liliwakera zaidi, kwamba tuache kabisa kulipa kwa bomba, yaani kwa kila bomba la dawa analomaliza kupiga.

Niwaambie kwa nini nimeshikilia hivi. Msimu uliopita kantangaze ilinishika vibaya. Kwa ambao hawalimi nyanya, kantangaze ni kiwavi wa yule nondo mdogo Tuta absoluta, aliingia nchini mwaka 2014, anachimba ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hiyo dawa ikipita juu yeye yuko ndani ametulia. Nikaenda dukani nikanunua dawa ya maji ya lile kundi la oganofosfeti, harufu yake kama kitunguu saumu kilichooza, nikapimiwa nusu lita kwenye chupa ya soda. Haina lebo, haina utepe wa rangi, haina kitu, nikaambiwa tu weka vizibo viwili kwa bomba na mimi kwa sababu mdudu alikuwa ananimaliza nikasema weka vitatu.

Nikamwita kijana mmoja wa hapa jirani, kwetu huku mimi nilikuwa namlipa elfu moja kwa bomba la lita 16. Kijana mwepesi, anaweza kumaliza bomba ishirini kabla ya saa sita. Bomba lilikuwa langu na nilijua mpira wa mfuniko umekatika, ukiinama linamwaga. Kila alipoinama kwenye tuta dawa ilichuruzika mgongoni, shati likalowa kuanzia mabegani mpaka kiunoni, sisi tuliokuwa pembeni tunadhani ni jasho. Nozo, yaani kile kitundu cha mbele kinachorusha dawa, ilipoziba akaifungua akaipuliza kwa mdomo, akatema mate, akaendelea. Hakuwa na glovu wala maski, alikuwa na kandambili.

Saa tano kasoro akakaa chini. Anatoka jasho kama amemwagiwa maji na siku yenyewe ilikuwa ya baridi, mate yanamtoka, anasema haoni vizuri, nikamwangalia machoni mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na nyama za shavuni zinacheza zenyewe. Mtu akakimbilia maziwa tukamnywesha, akatapika, tukamnywesha tena. Tukampakia kwenye bodaboda na lile shati lake mgongoni, mtu wa nyuma amemkumbatia. Tulipofika zahanati nesi hakuuliza hata jina, alivaa glovu akasema mvueni nguo zote, leteni maji na sabuni. Halafu akasema nipeni chupa ya dawa. Nikampa chupa ya soda. Alivyoniangalia mpaka leo sijasahau.

Alipelekwa hospitali akachomwa atropini, sindano ya kupambana na sumu hiyo, mara nyingi, akapona baada ya siku kadhaa, namshukuru Mungu. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba mshipa wa fahamu ukishatuma amri kwenye msuli kuna kitu mwilini kinaizima hiyo amri, sasa dawa za kundi hili zinakiziba hicho kitu, kwa hiyo amri zinaendelea tu, mate, machozi, jasho, misuli inacheza, mpaka misuli ya kuvuta pumzi inashindwa. Na njia kubwa inayoingilia kwa mpiga dawa ni ngozi. Sisi wote tulikuwa tunaogopa pua, kumbe shati lililolowa lilikuwa linamnywesha sumu kwa masaa manne mazima. Na maziwa hayazuii chochote, unamnywesha mtu aliyelegea anatapika anapaliwa, inaingia mapafuni.

Sasa rudi kwenye malipo. Ukimlipa mtu kwa bomba umemwambia kimbia. Kusimama aoshe mkono ni hela imepotea, kusubiri upepo utulie ni hela imepotea, kusafisha nozo kwa mswaki badala ya kupuliza kwa mdomo ni hela imepotea. Hata ukimpa glovu ataivua kwa sababu inamchelewesha kufungua mfuniko. Kwa hiyo mimi siwalaumu vijana, utaratibu wetu wa malipo ndio unawavua glovu.

Na hili la nani anunue wala sio la kikao chetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Tunasema hawa sio waajiriwa wetu, ni vibarua tu, lakini ukimwita wewe, dawa yako, bomba lako, shamba lako, unampangia aanzie wapi, huyo ni nani kama sio mtu unayemfanyisha kazi? Tena wapo tunaowaita ambao hawajafika miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza mtoto kufanyishwa kazi ya hatari. Kupiga sumu kama sio kazi ya hatari basi sijui ipi.

Haya, nipingeni. Nataka nisikie hoja.

MDAU WA RUAHA MBUYUNI
Mkuu pole sana kwa yaliyokupata na kijana wako. Lakini unaongea ukiwa Ilula kwenye baridi. Njoo huku bondeni kwenye vitunguu mwezi wa kumi, jua la saa tatu tu linachoma, uvae ovaroli la plastiki na maski na miwani, miwani inapata ukungu huoni, utaanguka kwa joto kabla ya sumu. Sio kwamba hatutaki, tumejaribu. Pili, mi nalima ekari moja ya kukodi, namwita dogo mara tatu kwa msimu na siku nyingine napiga mwenyewe, hizo gambuti zenyewe sina. Ukitunga sheria ya mwenye shamba anunue utawabana sisi wadogo na wale wenye ekari hamsini watapita. Mi naona tunaanza mwisho, tuanze na dawa zenyewe. Dawa ambayo haipigiki mpaka uvae kama mwanaanga, kwa nini inauzwa kwa mkulima wa ekari moja? Ziondolewe.

MDAU MWENYE DUKA LA PEMBEJEO, MAKAMBAKO
Ngoja nami niseme maana mwenye mada amegusa maduka na amegusa kweli. Kumimina dawa kwenye chupa nyingine ni kosa na tunaharibiana jina. Lebo ndiyo inasema jina la sumu, ndiyo inamsaidia daktari, ndiyo ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na utepe wa chini una rangi, nyekundu kali zaidi, njano, bluu, halafu kijani. Ukinunua bila lebo umenunua giza. Wanaosimamia ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, dawa ambayo haijasajiliwa kwao usiiguse.

Lakini na nyie wakulima mnatuweka pagumu. Mtu anakuja na hela kamili ya robo lita, chupa ndogo kabisa niliyonayo ni nusu, nisipompimia anahama duka. Glovu ninazo hapa za naitraili, ule mpira usiopitisha dawa kirahisi, zimekaa mpaka boksi limepauka. Akinunua anataka zile nyembamba za hospitali ambazo zinachanika bomba la pili, au za kitambaa, na za kitambaa ni mbaya kuliko mkono mtupu kwa sababu zinanyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi. Barakoa za korona nazo mtu anadhani amejikinga, mvuke wa dawa unapita tu. Maoni yangu, mwenye shamba anunue na zinunuliwe hapohapo na dawa, glovu na dawa zitoke dukani siku moja kwenye mfuko mmoja.

DADA WA ISONGOLE, RUNGWE
Mnaongea habari za shambani tu, mbona hakuna anayeongelea nguo zinaporudi nyumbani? Mume wangu anapiga dawa ya ukungu kwenye viazi, mvua za Januari anapiga kila wiki, wakati mwingine kila siku tano. Anarudi suruali imekuwa ya njano kwa ule unga. Nani anafua? Mimi. Kwenye beseni gani? Lile lile la nepi za mtoto, kwa sababu ndilo tulilonalo, na kabla sijafua mtoto ameshamkimbilia baba yake amemkumbatia miguu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nitenganishe, nilikuja kuambiwa na bwana shamba kwa bahati tu siku moja amesimama kuomba maji. Sasa hivi tuna beseni la peke yake linakaa nje, anavua nguo huko huko nje kwenye bomba la maji anaoga ndiyo anaingia ndani. Na makopo, jamani makopo, mama mkwe alikuwa ameweka chumvi kwenye kopo la dawa kwa sababu lina mfuniko mzuri. Tuliliosha mara tatu tukalitoboa na msumari ili asiliokote tena.

Kwa hiyo mkisema mwenye shamba anunue ovaroli, mseme pia ovaroli libaki shambani kwake na lifuliwe kwake. Sio linunuliwe na yeye halafu sumu aje kuifua mke wa kibarua bure.

MZEE WA MUFINDI
Wanangu, mimi nimeshika bomba toka ujana wangu, nimepiga kwenye mahindi, kwenye maharage, na hamna kilichonipata, nina wajukuu. Tulikuwa tunapiga upepo ukiwa mgongoni basi. Vijana wa sasa mnachanganya dawa tatu kwenye bomba moja ndiyo maana mnaanguka. Rudini kwenye dawa moja kwa kipimo chake.

MWENYE MADA
Shikamoo mzee. La kuchanganya umesema kweli tupu na naliunga mkono, mimi mwenyewe nimeongeza kizibo cha tatu kwa hofu ya kantangaze na hakufa, maana amewazoea hawa oganofosfeti, nimeongeza sumu kwa mtu na sio kwa mdudu. Ila mzee, kwamba wewe umezeeka salama haimaanishi wote uliopiga nao wamezeeka, waliotangulia hawawezi kuja hapa kutuambia.

Dada wa Isongole nimesoma mara mbili. Hilo la ovaroli kubaki shambani na kufuliwa kwa mwenye shamba sikuwa nimeliwaza kabisa, naliongeza kwenye hoja yangu na nitalipeleka kwenye kikao.

Mkuu wa Ruaha Mbuyuni, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na wala hauko peke yako. Mwongozo wa kimataifa wa FAO na WHO kuhusu viuatilifu unasema karibu maneno yako, kwamba dawa ambazo kuzipiga kunahitaji vifaa vya kinga vinavyosumbua kuvaa, vya gharama au visivyopatikana kirahisi ziepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na vibarua wa nchi za joto. Kwa hiyo sawa, tuseme wote kwa pamoja dawa kali zitoke mikononi mwetu. Lakini mpaka zitoke, Jumatatu kuna kijana anaingia kwenye shamba langu. Siwezi kumwambia subiri mpaka serikali iamue.

Kuhusu joto, ndiyo maana nang'ang'ania hili la malipo. Mimi toka tukio lile nalipa kwa asubuhi. Anaingia saa 12, saa 4 anatoka, bomba ngapi amemaliza sio shida yake, hela ni ile ile, kesho anaendelea alipoishia. Saa zile za mwanzo hata huko bondeni jua halijawa kali hivyo na upepo bado haujaamka. Nimenunua gambuti jozi moja, glovu ndefu, ovaroli la pamba zito na aproni ya plastiki ya kufunga mgongoni, maana mgongo ndio unaloa, na mpira mpya wa mfuniko wa bomba, huo mpira ni hela ya soda. Kuna ndoo ya maji na sabuni pembeni na mswaki wa kusafishia nozo. Halafu nimepunguza kupiga kwenyewe, naweka mitego ya kunasa madume ya yule nondo, kuchuma majani yaliyochimbwa na kuyafukia, napiga nikiona mdudu amezidi na sio kwa sababu ni Jumamosi.

MDAU WA RUAHA MBUYUNI
Kulipa kwa asubuhi nimekuelewa, hiyo hata mi naiweza. Lakini huko kwako kazi ikiwa ya asubuhi tatu kijana anaimaliza kwa asubuhi tatu. Mi kitunguu changu wale wadudu wadogo wa trips wakiingia asubuhi tatu ni nyingi, nataka ekari iishe leo. Hapo unanishauri nini?

MWENYE MADA
Waite wawili asubuhi moja. Najua ni hela mara mbili na ni mabomba mawili, hapo sina jibu la bei rahisi. Sisi hapa watano tumeanza kuchangia, seti mbili za vifaa na mabomba mawili mazima, vinazunguka, anayepigisha anavifua anampelekea mwenzake. Mwenye shamba wa nne juzi alivirudisha bila kufua na tumemwambia. Kama kuna kikundi huko Mbarali au Njombe wanafanya hivi kwa muda mrefu naomba waseme wanagawanaje gharama, hasa glovu zikichanika mkononi kwa mtu anayelipa ni nani.