Tupeane uzoefu: dawa za kupunguza mapigo kwa tunaobanwa na kifua

Mzee wa Kimara
Wakuu, habari za jioni. Nimekutwa na anjaina, yaani kifua kubana kwa sababu moyo haupati damu ya kutosha, ile inayokuja ukijituma. Nikipanda daraja la waenda kwa miguu pale kituo cha mwendokasi kifua kinabana, nikisimama dakika chache kinaachia. Nimeanzishiwa bisoprolol kila asubuhi. Nilivyoelezwa kliniki, hizi beta bloka hazizibui mshipa uliosinyaa. Zinauzuia moyo usikimbie wala kusukuma kwa nguvu nyingi, hivyo unahitaji oksijeni kidogo. Tena moyo ukienda taratibu, mishipa yake yenyewe inapata muda wa kujaa damu. Hapo nimeelewa. Mnaozitumia, mwili unazipokeaje?

Mama Lishe Buguruni
Shikamoo mzee. Mimi ni atenolol. Mwanzoni nilichoka sana, na vidole vilikuwa vya baridi hata nikiwa mbele ya jiko la mkaa, kisu cha vitunguu nakishika kwa shida. Daktari akapunguza dozi, akapandisha tena polepole. Sasa alfajiri niko Ilala sokoni. Jifunze kuhesabu mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, dakika nzima, kabla hujashuka kitandani. Mimi natakiwa niwe kati ya 55 na 60. Yakishuka chini ya 50 na kizunguzungu juu, nawahi kliniki.

Mdau wa Mbagala
Jamani, chonde chonde, msiache ghafla! Shemeji yangu alikuwa kwenye propranolol, kifua kikatulia, akasema amepona. Akaenda msibani Njombe, dawa kaziacha kabatini. Siku chache tu, kifua kikambana akiwa amekaa kwenye mkeka, hajanyanyua hata ndoo. Kashika kola ya shati, jasho linamtiririka na baridi ya Njombe mnaijua. Tulimuwahisha hospitali, Mungu akasaidia. Daktari akatuambia moyo uliozoea dawa ukinyimwa ghafla, adrenalini, ile homoni ya kuukimbiza moyo, inaushukia kwa kishindo, mtu anaweza kupata shambulio la moyo. Kuacha ni kwa kushushwa dozi kidogo kidogo, daktari akijua. Siku hizi mtu wa kwetu akisafiri tunauliza dawa kwanza, nauli baadaye.

Dada wa Sinza
Mwenye pumu aseme mapema, dawa hizi zinaweza kubana kifua cha pumu. Mimi nilisema, nikapewa amlodipine, ambayo si beta bloka.

Baba Wawili
Niseme lile wanaume wenzangu wanalolificha. Chumbani mambo yalilegea. Nilimweleza daktari, akanibadilishia dawa, nafuu ipo. Ndugu zangu, msikimbilie vidonge vya kuongeza nguvu. Sildenafil ikikutana na ile dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, presha inaporomoka, mtu anaweza kufa.

Muuguzi Mstaafu
Hongereni kwa kusema wazi. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge vya kushusha sukari awe makini: sukari ikishuka, kwa hizi beta bloka moyo hautadunda kwa kasi kumshtua kama zamani. Jasho ndilo litakalobaki, asilipuuze. Na maumivu yakija umepumzika, au yakigoma kuondoka, hiyo si anjaina tulivu tena, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mzee wa Kimara
Marahaba mama, na asanteni wote. Hilo la sukari limenigusa, maana ninayo na natumia insulini. Nalipeleka kliniki Jumatatu. Mwenye insulini na bisoprolol pamoja, naomba aandike anavyopima.