Acheni kujiita headhunter kama hela mnachukua kwa mtafuta kazi!

Wakuu nina hasira kweli. Siku hizi kila mtu headhunter, mwenye grupu la WhatsApp la kurusha matangazo ya ajira headhunter, anayekusanya CV na kuzifowadi kwa HR headhunter, na yule anayekwambia tuma hela ya fomu niipitishe CV yako, eti naye headhunter! Hilo neno lina maana yake jamani.

Kwa Kiingereza mwanzoni walikua wanaitwa headhunter, yaani wawinda vichwa, watu waliokata vichwa vya maadui na kuvitunza, kama baadhi ya jamii za Borneo na New Guinea enzi hizo. Karne ya 20 likahamia maofisini, sasa kinachowindwa ni mtu mwenye kichwa kizuri aliyeko kwenye kampuni nyingine, yaani katulia kazini kwake hajaomba kazi popote, anapigiwa simu kimya kimya anaulizwa kama yuko tayari kusikiliza ofa. Ndo maana utalisikia zaidi kwenye vyeo vya juu na ujuzi adimu. Anayeweka tangazo akasubiri maombi ni afisa ajira wa kawaida, kazi halali kabisa, ila hajawinda mtu.

Na anayelipa ni kampuni inayotaka mtu!! Kuna wanaolipwa kwa mafungu, la kwanza wanapewa kabla mtu hajapatikana, na kuna ambao hawaoni hela mpaka mtu aajiriwe, mara nyingi inapigwa asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa huyo aliyepatikana, yeye mwenyewe hatoi hata senti. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 181 wa mwaka 1997 unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa kuzungukazunguka, labda pale tu nchi husika imetoa ruhusa maalum.

Hawa matapeli wanapowapatia watu ni kwenye usiri. Headhunter wa kweli naye mwanzoni anaweza asikutajie kampuni, maana pengine anayekalia hicho kiti hajui kama anatafutiwa mbadala. Lakini atakueleza kazi yenyewe, ngazi yake, utaripoti kwa nani, na atakuhoji umefanya nini huko uliko mpaka uchoke. Mimi nimetumiwa meseji "hongera umepita mchujo, lipia usaili leo kabla ya saa kumi", sijaomba chochote, nauliza ni nafasi gani najibiwa utaijua ukishalipia. Mchujo gani huo na hata jina langu kakosea??

Wenye magrupu muwe mnawatoa hawa watu, msisubiri mpaka mtu aliyekaa bila kazi muda mrefu atume hela ya kukopa ndo muanze kusema alikua tapeli. Na kama kuna waliolipa humu wawekeni namba walizotumia hela, tuwaripoti kwenye mitandao ya simu.