Ushauri: RAV4 ya mwaka 2008 iliyokuwa ikilala Jambiani, niinunue kwa safari za Wete na Chake Chake?

Mwana wa Gando

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha nilizozikusanya kwa miaka mitatu. Ninaishi Wete na kazi yangu iko Chake Chake, kwa hiyo siku tano za wiki ninakwenda na kurudi nikiwa nimewapakia watoto watatu ambao ninawashusha skuli njiani, na kila mwezi ninampeleka mama yangu hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani. Mama anaumwa magoti. Gari dogo nililokuwa nalo lilimtesa sana kuingia na kutoka, hadi ilibidi watu wawili wamsaidie, na hilo ndilo linalonifanya nitafute gari lililoinuka kidogo.

Nimeoneshwa Toyota RAV4 ya mwaka 2008, injini ya lita 2.4, ambayo ipo Unguja. Kilomita zinasomeka 92,000, rangi yake inang'aa na viti ni visafi. Mwenyewe amenieleza kwa uaminifu kwamba alikuwa akiishi Jambiani, na gari lililala nje, karibu kabisa na ufukwe, kwa miaka minne. Linavuta kwa tairi zote nne. Bei yake inamaliza akiba yangu. Kinachonitia khofu ni kwamba nikishalipakia melini na kulishusha Mkoani, hata nikigundua kasoro siku ya pili yake, sina tena wa kumrudishia. Nitizame nini? Na je, kwa mtu anayekwenda lami tu, tairi nne zina ulazima?

Fundi wa Kwahani

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Rangi na viti viache mwisho, kwa sababu gari lililolala pwani huliwa kutoka chini na mwenyewe asijue. Chukua tochi na bisibisi, omba gari liinuliwe gereji, kisha mtizame ile fremu iliyobeba injini, mahali mikono ya nyuma inaposhikana na bodi, mabomba membamba ya breki yanayopita juu ya ekseli ya nyuma, na ukingo wa bodi mnapowekwa jeki. Kutu ya juu juu inayotoka kwa brashi haina shida kubwa. Kutu inayobanduka kwa maganda, au bati linalobonyea ukilisukuma kwa bisibisi, hiyo ni khabari nyengine. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mpya, uliza kwa nini imepakwa, na ugonge kila mahali.

Usidhani pia kwamba chumvi yote ni ya Jambiani. Magari mengi yanayotufikia yametumika Japani, na katika mikoa ya theluji kama Hokkaido barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, kwa hiyo huenda gari hili liliteremka bandarini likiwa tayari na kutu yake. Karatasi ya mnada wa Japani gari lilipouzwa ikiwepo, isomwe na mtu anayeijua, kwani huonesha kilomita za siku ile na kama gari limewahi kupata ajali.

Injini ya lita 2.4 ya RAV4 za miaka hiyo ni 2AZ-FE. Ni injini ninayoipenda, na mnyororo wake wa ndani haubadilishwi kila baada ya muda kama mkanda, lakini ina maradhi yanayojulikana ya kunywa oili kutokana na ringi za pistoni, kiasi kwamba Toyota yenyewe ilirefusha dhamana ya tatizo hilo kwa magari ya Marekani. Nenda asubuhi kabla halijawashwa, upapase boneti kuhakikisha ni baridi, kisha uchomoe kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, umeshapata nusu ya jibu. Liwashe, liache likiunguruma dakika kumi bila kukanyaga mafuta, halafu mtu akanyage ghafla wakati wewe umesimama nyuma. Moshi wa buluu ndio unaoutafuta, maana ni dalili ya oili inayoungua.

RAV4 hizi za soko la Japani zenye lita 2.4 zinatumia gia boksi ya CVT, yaani ya otomatiki inayobadilika taratibu bila ya gia za hatua. Iendeshe mpaka ipate moto, kisha uipandishe kilima polepole, kwa mfano ule wa Masingini. Ikitetemeka, ikichelewa kushika unapotoka hapo ulipo, au injini ikipiga kelele ilhali gari haliongezi mwendo, liache. Muulize mwenyewe oili ya gia boksi ilibadilishwa lini na kwa oili gani, kwa sababu CVT inataka oili yake maalumu, na nimeziona zilizokufa kwa kutiwa oili ya gia boksi ya kawaida.

Ama tairi nne, kwa safari ulizozitaja huzihitaji. Utaongeza shafti ya kati, difu ya nyuma na oili zake, na petroli kidogo kila siku. Tizama kibao cha shasi: ACA31 inavuta kwa tairi nne, ACA36 kwa tairi mbili za mbele.

Mzee wa Konde

Hapo fundi sikubaliani nawe moja kwa moja. Pemba ni vilima, na masika yakikolea njia za udongo zinazoingia vijijini huwa utelezi mtupu. Huyu ndugu leo anasema lami tu, lakini kesho ataitwa mazikoni shamba.

Fundi wa Kwahani

Mzee wangu, ninakubali utelezi upo. Hata hivyo, tairi mbili zenye meno mazuri zitamtoa pahala ambapo tairi nne zilizokauka zitamkwamisha. Asome tarakimu nne ubavuni mwa kila tairi: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na hata hiyo RAV4 ya tairi nne, kitufe chake cha kufunga mvuto, kinacholazimisha tairi za mbele na za nyuma kuvuta pamoja, hujiachia mwendo ukifika kama kilomita 40 kwa saa, kwa sababu mfumo wenyewe ulikusudiwa barabara, na msaada wake udongoni ni wa muda mfupi.

Mama wa Mtambile

Mwanangu, mchukue mtu mwenye umbo la mama yako akalijaribu kuingia na kutoka, au ukipata njia umpeleke mama mwenyewe. Gari la juu sana nalo huadhibu magoti. Kiti kinachofaa ni kile kinacholingana na makalio yake akiwa amesimama. Mlango wa nyuma wa hizo RAV4 hufunguka kwa upande na umebeba tairi ya akiba, kwa hiyo uufungue nusu na uunyanyue. Ukicheza, bawaba zimeshachoka.

Mwana wa Gando

Ninawashukuru nyote. Nilivuka Jumanne na fundi ninayemwamini. Kijiti cha oili kilikuwa kikavu hadi chini ya alama, na mwenyewe akakiri kwamba huongeza nusu lita karibu kila wiki mbili. Moshi ulikuwa mchache. Lakini gari lilipoinuliwa, bisibisi ilizama kwenye ukingo wa bodi nyuma ya mlango wa kushoto, palipofichwa na rangi nyeusi, na bomba moja la breki lilikuwa likibanduka maganda. Kibao kinasema ACA31. Mwenyewe ni mtu muungwana, amekubali kupunguza milioni mbili. Kuna nyengine ya mwaka 2010, ACA36, ipo Fuoni, ghali kidogo kuliko hiyo ikipunguzwa. Nifanyeje?

Fundi wa Kwahani

Iache. Injini inayokunywa oili mtu anaweza kuishi nayo akiwa mwangalifu wa kuongeza, na bomba la breki hubadilishwa. Bati lililooza pahala palipobeba uzito wa gari halirudi kwa milioni mbili: utachomelea leo, na mwakani kutu itatokea pembeni ya pale ulipochomelea. Ungekuwa peke yako ningesema labda, lakini wewe unabeba watoto watatu na mama mtu mzima. Hiyo ya Fuoni ikaguliwe vile vile kama hii, wala usilegeze kwa sababu umechoka kutafuta. Nambari ya shasi ilingane na kadi. Na ukiipata, siku utakayoishusha Mkoani ioshe chini kwa maji matamu kabla hujaondoka, maana melini hupigwa na mvuke wa bahari safari nzima.

Mwana wa Gando

Nimemjulisha mwenyewe kwamba sitaichukua, na amenielewa. Jumamosi ninavuka tena kwenda Fuoni. Nimeomba gari lisiwashwe tangu usiku, na safari hii nimefuatana na mama.