Nyama choma ya watu sita Kenyatta Market, Nairobi: tuagize vipi?

Wadau, Jumamosi tunaenda watu sita. Kilo ngapi za mbuzi zinatosha, na sehemu gani?

Jibu: Kilo tatu, pamoja na ugali na kachumbari. Mnalipia nyama mbichi na mifupa yake, na motoni inapoteza maji na mafuta, kwa hivyo itarudi imepungua sana. Hilo si wizi. Wizi huwa kwenye mizani: simama hapo, hakikisha inaanzia sufuri kabla nyama haijawekwa. Changanya mbavu na mguu. Mbavu hazikauki haraka kwa sababu ya mafuta. Mguu una mnofu, ila moto ukizidi unakuwa mgumu kutafuna.

Jibu: Saa ndiyo muhimu jamani! Mbuzi mzuri huchukua kama saa moja juu ya makaa yaliyotulia. Ikiletwa baada ya dakika 15, ilichomwa mapema ikapashwa, au ilichemshwa kwanza. Tazama kipande cha mfupa: ya kuchemshwa ni kijivu mpaka nje, haina ganda la kahawia wala harufu ya moshi. Mwambieni mchomaji asikatekate mapema, maji yote yatamwagika kwenye ubao.

Jibu: Mkibadilisha mpango mwende mkahawa mpya Westlands, someni chini ya menyu. Kama bei haijajumuisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, sahani ya shilingi 1,500 inakuwa 1,770.