Taa zinakula uniti, nianze kubadilisha ipi?

Mwana_Ujiji: Wakuu habari. Nje nina balbu 2 za wati 100, zinawaka saa 1 jioni mpaka saa 1 asubuhi. Ndani zipo 4 za wati 60, kama masaa 5 kila siku, na sebuleni tyubulaiti ya futi 4. Nataka nibaki D1 (tarifa ya TANESCO ya wanaotumia umeme kidogo), nisizidi uniti 75 kwa mwezi. Hela ya kubadili zote kwa mpigo sina. Pia LED ya chooni nikiizima inabaki inafifia bila kuzimika kabisa. Kwa nini?

Fundi_Katubuka: Anza na za nje. Wati 100 mara 2 mara masaa 12 ni uniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Hapo D1 imeisha na friji hujachomeka! Weka LED za wati 9, zitakula 6.5 hivi. Wati 9 haifikii mwanga wa ile ya 100 (inayolingana nayo ni LED ya 13 au 14), ila kwa mlango na uzio inatosha. Chukua mwanga wa njano, 3000K. Nyeupe kali inavuta wadudu zaidi, na msimu wa kumbikumbi utafagia mbawa barazani kila asubuhi. Za ndani zinakula 36, LED za wati 9 zitashusha hadi 5.4. Angalia holda kabla ya kununua: ya pini ni B22, ya kuzungusha ni E27.

Ya chooni, mara nyingi swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laini (waya wenye umeme). Zima swichi, toa balbu, gusa kila pini ya holda kwa tesa. Tesa ikiwaka, laini bado ipo pale, hata kubadili balbu ni hatari. Swichi yenye kitaa kidogo ndani nayo huleta hali hiyo hiyo, waya zikiwa sawa kabisa.

Gungu_Umeme: Kwenye tyubu usichomeke LED juu juu. Toa stata, ruka choki, ile koili ya ndani ya fremu (ukiiacha inaendelea kula umeme), halafu soma stika. Zipo zinazopokea laini na nyutro upande mmoja, na zipo za laini huku, nyutro kule. Ile ya upande mmoja ukiipa umeme upande usio wake, ni shoti, breka inaanguka. Wati 18 inatosha sebule.

Mwana_Ujiji: Asanteni. Mbona watu wanasema LED hazidumu?

Fundi_Katubuka: Joto. Saketi ipo kwenye shingo ya balbu. Ukiifungia ndani ya globu ya kioo isiyopumua, kapasita inakauka, taa inaanza kupepesa kisha inakufa. Za nje zipe kofia iliyo wazi chini. Na soma boksi: umeme wa kwenu ukiwa unashuka sana usiku, tafuta iliyoandikwa 85–265V, siyo 220–240V.

Gungu_Umeme: Ile ya chooni usifungue swichi yake mpaka mein swichi iwe imezimwa.